Uji wa Machozi ya Ayubu

Mwenye nyumba alikuja, akagusa ukuta wa jikoni, akanusa kidole, akanigeukia mimi. Eti tunapika mno. Eti hatufungui madirisha. Hapa Brussels ukuta ukitoa jasho, wa kwanza kulaumiwa ni sufuria ya Mkongo. Nilimjibu kwamba nyumba yote ni kavu isipokuwa kiti kimoja na ukuta ulio nyuma yake, na kwamba sisi hatupikii juu ya kiti. Akaniambia ninunue mashine ya kunyonya unyevu, akaenda zake.

Sikumwambia kiti ni cha nani. Mama alikinunua siku mdogo wangu Héritier alipopata viza, akakiweka karibu na radieta ili mtoto akifika hapa kwetu Ganshoren asisikie baridi. Kule Kongo, Héritier alipanda boti Moba ili aende Kalemie kuuaga ukoo kabla ya kusafiri. Boti ilizama ziwani. Wengine waliokotwa, yeye hapana. Tonton Ngoy, mjomba wetu wa Kalemie, alipopiga simu kusema familia inataka kuweka matanga, mama alimkatia.

“Banalilia muntu mwenye kuchelewa?” aliniuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyepiga.

Tangu siku ile kiti kikaanza kulowa. Asubuhi nilikuta maji kutoka mlangoni mpaka pale, na harufu ya ziwa, ile ya matope na dagaa, ndani ya ghorofa ya tatu. Mimi ni mkristo na ninafanya kazi hospitali, mambo ya mizimu huwa nayacheka. Lakini maji yale niliyapangusa kwa mikono yangu, na niliogopa.

Nilichoogopa zaidi ni miguu ya mama. Ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Kichwa kizito, mwili mzito, hata kunyanyuka kwenda kanisani akashindwa. Pale hospitali ya Jette walimpima moyo, figo, damu, wakasema kila kitu kiko sawa. Naye alikuwa anazama mbele ya macho yangu. Ndugu mmoja alitosha, sikuwa tayari kumpoteza na mama.

Mwenzangu wa kazini, Inès, ndiye aliyetupeleka kwa Madame Lin, daktari wa Kichina mwenye chumba chake karibu na stesheni ya Gare du Nord. Alimwambia mama atoe ulimi. Ulikuwa mnene, mweupe, una alama za meno pembeni. Akasema unyevu umemwingia na kuulemea wengu. Asile vitu baridi, wala sukari, wala maziwa. Ale vitu vya kukausha: tangawizi, maganda makavu ya chungwa, maharagwe madogo mekundu, na punje fulani nyeupe zinazoitwa kwa Kifaransa larmes de Job, machozi ya Ayubu.

Mama, ambaye chai bila maziwa ya kopo kwake ni adhabu, alizichukua zile punje akazigeuzageuza kiganjani.

“Hizi njo tulikuwa tunatunga nazo rozari kule mutoni. Alors leo unataka nikule rozari?”

“Utakula, mama.”

Nilizikaanga kavu kwanza, kama alivyoelekeza Madame Lin, mpaka zikanukia kama mahindi ya kuchoma. Kisha nikazichemsha na maharagwe na tangawizi mpaka ukawa uji. Nikamjazia mama bakuli. Akala nusu. Nusu nyingine akaimimina katika bakuli la pili, akalifunika kwa sahani, akaliweka mbele ya kile kiti.

“Ya mudogo yako.”

“Mama, hii ni dawa yako!”

“Mutoto eko mu njia, miye nimalize chungu?”

Kwetu ndivyo ilivyo. Anayechelewa anawekewa chake na kinafunikwa, na mama hakombi chungu wakati mtoto bado hajaingia. Nikaliacha pale. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Nilifurahi nikidhani mama ameona njaa akala mwenyewe, mpaka nilipokuta mchanga mweupe wa ziwani chini ya bakuli.

Ikawa hivyo kila jioni, nusu yake, nusu ya kiti. Miguu ya mama haikupungua hata kidogo. Ukuta ndio uliopungua. Doa likashuka, maji ya sakafuni yakawa alama za nyayo tu, kisha za vidole tu. Uji ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa, ila si kwa mgonjwa niliyempikia. Nilielewa, na sitaficha, roho yangu ilitulia. Nilitaka aende.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikamkuta mama ameshika sufuria ya maji ya bomba, anakimwagia kiti.

“Kimekauka, Tatiana! Unamufukuza na madawa yako! Usipike tena ile uji!”

Nilimpokonya ile sufuria. Hasira ilinipanda, na huruma pia, vikapanda pamoja.

“Mama, alikuwa anakuja kwetu. Bon, amefika. Tangu afike eko anaikala na manguo ya mayi. Unataka aikale vile mpaka lini?”

Akabaki amesimama, maji yakidondoka kutoka kwenye kiti. Nilimwona anafikiri jambo ambalo hakuwahi kulifikiri.

“Eko na baridi?” aliuliza polepole.

“Eko na baridi, mama.”

Alilia bila sauti. Kisha akajikokota mpaka kwenye jiko, akakataa nimsaidie. Akakaanga zile punje yeye mwenyewe, akiegemea meza, akakoroga uji mpaka jioni ikaingia. Hakujiwekea hata kijiko. Alimimina wote katika bakuli kubwa la wageni, akalifunika, akakipangusa kiti kwa kanga yake, akaenda kulala.

Asubuhi sakafu ilikuwa kavu. Ukuta mkavu. Nilifunua sahani: bakuli lilikuwa limejaa vilevile, uji umeganda utando juu. Harufu ya ziwa haikuwepo, na mimi niliyetaka aende nilisimama pale nikiitafuta.

Mama alikuja nyuma yangu, akatazama. Hakupiga kelele. Aliomba simu, akampigia Tonton Ngoy.

“Mulie,” alimwambia. “Sasa mulie.”

Kisha, kwa mara ya kwanza, akakikalia kile kiti. Akalivuta bakuli. Nilimwambia ngoja nikupashie, uji baridi Madame Lin amekataza.

“Acha vile,” alisema, akichukua kijiko. “Ye njo ameniwekea.”

Akaula wote.