Damu ya Somoe

Katika ukoo mzima wa Zuhura, pale Ziwani, hakuna aliyewahi kupanda ndege. Ya kwanza ikawa damu ya bintiye Somoe, kijichupa kimoja ndani ya sanduku la barafu, kuelekea Dar es Salaam. Daktari Elisha alimweleza kwamba huko wanacho kipimo cha kujua kama kongosho la mtoto bado linatengeneza insulini. Likiwa linatengeneza, huenda vidonge vikatosha. Kama sivyo, ni sindano maisha yake yote.

Zuhura aliomba viwe vidonge. Aliomba kila swala, wiki tatu nzima, na moyoni alijua haombi kwa ajili ya Somoe peke yake. Ugonjwa ungekuwa mdogo, na kosa lake lingekuwa dogo.

Kosa hilo alidhani analijua yeye na kungwi tu. Somoe alipoingia unyagoni, alilowesha mkeka siku tatu mfululizo, wenzake wakamtungia wimbo. Kungwi alimwita Zuhura pembeni kumpa habari. Naye, kwa kuogopa kuchekwa na mawifi, akaagiza mtoto anyimwe maji mpaka uvivu wa kuamka kukojoa umtoke. Somoe akawa analamba umande kwenye majani ya mihogo. Siku ya tano alibebwa hospitali hajitambui, na Zuhura akamwambia daktari kwamba mtoto alikataa kula.

Majibu yalifika Jumatatu. Daktari aliyasoma, akamgeukia Somoe, si mama yake.

"Kongosho lako karibu halitengenezi kitu, mwanangu. Ile kiu, na kule kukojoa, ndio ugonjwa wenyewe. Sukari hutoka na mkojo, mwili unakauka. Mtu wa hali hii akikosa maji, hamalizi wiki."

"Kwa hiyo haukuwa uvivu," Somoe alisema.

"Haukuwa uvivu hata kidogo."

Zuhura alitamani ardhi ipasuke immeze. Muuguzi Theresia, asiyejua lolote, alivuta dawa kwenye bomba la sindano na kumkabidhi mama, kama wauguzi walivyozoea, mzazi ajifunze kumchoma mwanawe. Zuhura akanyoosha mkono.

"Mama, nilikusikia," Somoe alisema taratibu. "Nilikuwa nyuma ya ukuta, ulipokuwa unaongea na kungwi."

Kisha akamgeukia muuguzi.

"Sista, nifundishe mimi. Nitajichoma mwenyewe."