Jiko Lililokwama Koridoni

Jiko la zamani lilikufa mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Mguu wake mmoja, uliokuwa umeliwa na kutu tangu mvua za mwaka uliopita, ulikunjika taratibu kama mtu anayepiga goti, na mapaja saba ya kuku yakateremka kwenye majani ya uani yakiwa yameiva nusu.

Hakuna aliyeumia isipokuwa fundi saa, naye aliumia moyoni. Jiko lilikuwa lake, ua ulikuwa wake, lakini aliyekuwa amesimama mbele ya moto na koleo la nyama mkononi hakuwa yeye. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa kifua kipana na sauti ya kiwanjani ambaye kila mtu alimwita Refa. Kwa miaka ishirini alikuwa amechezesha mechi za mwisho wa wiki, na hata baada ya kustaafu filimbi aliendelea kuchezesha watu.

"Shemeji," Refa alisema, akilitazama jiko lililolala chini, "hiki kilikuwa kitu cha kuchezea watoto. Tafuta jiko la mtu mzima."

"Sawa, shemeji," fundi saa alijibu.

Ndivyo alivyojibu kila Jumapili kwa miaka tisa. Kila Jumapili Refa alifika saa sita, akalichukua koleo kutoka mkononi mwake bila kuomba, akamwachia kazi ya kuleta sahani. Fundi saa alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye vidole vya kushika vitu visivyoonekana. Hakuwahi kulalamika. Lakini siku ile, akiokota mapaja ya kuku majanini, aliamua kwamba jiko lijalo litakuwa kubwa na la kisasa kiasi kwamba mtu asiyelisoma hataweza kuligusa.

Wiki hiyo saa za wateja zilichelewa. Kwenye meza yake ya kazi, chini ya taa, palijaa vipeperushi vya majiko, naye aliweka ile lenzi yake jichoni akasoma hata maandishi madogo ya chini kabisa ambayo mwandishi wake hakutegemea yasomwe. Siku ya Jumamosi alienda dukani pamoja na mkewe na mama mkwe.

Mkewe alikuwa mkunga. Alikuwa na miaka kumi na minane kwenye wodi ya wazazi, na sauti ambayo hata madaktari waliitii kabla ya kujua inataka nini. Mama mkwe alikuwa amepika kwenye shule ya bweni miaka thelathini, na sasa alikuwa na miaka miwili akiishi nao. Kati yake na mkwewe kulikuwa na "Shikamoo, mama," na "Marahaba," na habari za mvua kama ilikuwepo. Hawakuwa na ugomvi wowote. Walikuwa tu hawajapata pa kuanzia.

Muuzaji aliwapokea akisugua viganja.

"Mnapenda kupika nje?"

"Tunapenda kula," mama mkwe alisema.

Akawaonyesha majiko matatu. La kwanza lilikuwa la mkaa, la mviringo, lenye kifuniko kama sufuria kubwa. La pili lilikuwa pipa lililopasuliwa katikati na kuchomelewa miguu minne ya chuma kinene. La tatu lilikuwa la gesi, lenye magurudumu manne, vichomeo vitano, meza za pembeni kulia na kushoto, kulabu za kutundikia vyombo, na katikati ya kifuniko chake kilichong'aa kama kioo, kipimajoto cha mviringo chenye mshale mwembamba.

Fundi saa aliuona mshale ule, na mengine yote yaliyosemwa dukani hayakumfikia vizuri.

"Hili la pipa lina ubaya gani?" mkewe aliuliza.

"Halina kipimajoto."

"Tangu lini nyama ikapimwa homa?"

"Wewe si unapima watu homa kila siku?"

"Watu, ndiyo. Kuku akifika kwangu ameshapita hatua hiyo."

Mama mkwe alizunguka akigonga vifuniko kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine, akisikiliza. "Bati," alisema kwenye la mviringo. "Chuma," alisema kwenye pipa. Alipofika kwenye la gesi aligonga mara mbili. "Bati lililosoma."

"Hili, mama, linatosheleza watu thelathini," muuzaji alisema, akiona mauzo yanayumba.

"Nimepikia mia nne," mama mkwe akamjibu. "Thelathini ni waliochelewa."

Fundi saa wakati huo alikuwa ameinama ndani ya jiko. Alitoa mfukoni kile kipimio chake cha kazini cha kupimia vyuma vya saa, akapima nafasi kati ya waya na waya, unene wa bawaba, na kina cha trei ya mafuta. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeposa na kukubaliwa.

"Milimita kumi na mbili," alisema. "Zote. Hakuna hata moja iliyopotoka."

Mkewe alimtazama, akaona hapo hakuna tena la kushauriana. "Haya," alisema. "Tumchukue." Muuzaji aliandika karatasi haraka, kabla mama mkwe hajagonga kitu kingine.

Jiko lililetwa Jumapili asubuhi. Wabebaji walilishusha mlangoni, wakachukua sahihi, wakaondoka wakiwa na haraka ambayo baadaye ilieleweka. Nyumba yao ilikuwa imebanwa na nyumba nyingine kulia na kushoto, na njia ya kufika uani ilikuwa moja tu: mlango wa mbele, sebule, korido, kisha jikoni na choo, halafu nje. Katikati ya korido palikuwa na fremu ya mlango wa zamani uliotolewa kabla wao hawajahamia. Walikuwa wakipita hapo mara hamsini kwa siku, na hakuna aliyewahi kukumbuka kuwa ipo.

Refa alifika saa sita kamili. Alilizunguka jiko mara mbili akiwa na glasi ya juisi mkononi, akaimaliza, akaongezewa nyingine, akaimaliza nayo.

"Sasa hili ndilo jiko," alisema, kwa sauti ya mtu aliyelinunua mwenyewe. "Shemeji, wewe tangulia, vuta. Mimi nasukuma."

Walipita mlango wa mbele. Walipita sebuleni baada ya kuhamisha kochi. Waliingia koridoni, fundi saa akirudi kinyumenyume, na walipofika kwenye fremu jiko likatoa mlio kama wa mtu anayekunwa mgongo, likasimama.

"Limekwaruza kidogo tu," Refa alisema, akasukuma kwa bega.

Likaingia inchi tatu zaidi, na hapo likatulia kabisa. Mbele halikwenda, nyuma halikurudi. Fundi saa alipima kwa kiganja, akapima tena. Mtu aliyepigana maisha yake yote na makosa membamba kuliko unywele alikuwa amekosea upana wa vidole viwili vizima.

Nyumba ikawa imegawanyika. Upande wa mbele walibaki Refa na mkunga. Upande wa nyuma walibaki fundi saa na mama mkwe, aliyekuwa amekaa jikoni kwenye kigoda akimenya vitunguu.

"Nasukuma tena," Refa alitangaza.

"Acha kusukuma," mkunga alisema.

"Imebaki kidogo."

"Kaka, kila anayekwama kule kwetu, ukiulizia, kuna mtu alisimama pembeni akisema imebaki kidogo, sukuma."

"Hiki ni chuma, siyo mtoto."

"Mtoto angekuwa ameshatusaidia."

Alikunja mikono ya blauzi, akapitisha viganja kwenye ubavu wa jiko, kulia kisha kushoto, macho yake yakitazama dari. Hata Refa alijikuta amevua kofia.

"Yaliyoshika ni mabega," mkunga alisema mwishowe. "Kichwa hakina shida. Mabega yatoke kwanza."

"Hizo ni meza za pembeni," sauti ya fundi saa ilitoka upande wa pili. "Kila moja ina skrubu nne. Lakini vichwa vyake viko upande wenu."

"Na bisibisi?"

"Ziko upande wangu."

Akazipitisha chini ya jiko, kati ya magurudumu, moja moja, kwa mpangilio wa ukubwa. Refa alipiga magoti kuzipokea, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shemeji," alisema polepole, "choo kiko upande upi?"

Alikuwa amekitumia choo hicho kila Jumapili kwa miaka tisa.

"Upande wangu," fundi saa alisema.

"Nitakwenda kwa jirani."

"Jirani wa kulia amesafiri," dada yake akamwambia. "Wa kushoto ulimtoa kwa kadi nyekundu kwenye fainali. Bado anaizungumzia."

Refa aliifikiria ile kadi nyekundu kwa majuto ya kweli, pengine kwa mara ya kwanza. Kisha akashika bisibisi.

"Niambie la kufanya."

"Anza na skrubu ya chini. Zungusha kinyume cha saa."

"Saa ipi?"

"Yoyote, shemeji. Zote zinazunguka upande mmoja. Hapana, hapo unakaza. Legeza mkono. Shika kama umeshika yai."

"Sawa, shemeji," Refa alisema.

Jikoni, kisu cha mama mkwe kilisimama juu ya kitunguu. Mkunga naye, upande wa mbele, aligeuka kumtazama kaka yake. Maneno yale yalikuwa hayajawahi kutoka mdomoni mwake ndani ya nyumba ile.

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa ngumu, na Refa aliifanyia kazi akiwa amebana magoti, akipumua kwa pua. Fundi saa alimsubiri, ameegemea ukuta.

"Unamwogopa huyo?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi saa alitazama nyuma yake, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyeulizwa. "Simwogopi, mama. Ila kila Jumapili ananinyang'anya koleo. Nyumbani kwangu."

"Alianza na mwiko wangu, akiwa wa miaka minane. Mimi nakoroga, yeye anakuja, anauchukua, anasema nakosea."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwachia. Nimetoka kupikia shule nzima, narudi nyumbani nakuta mtu anataka kukoroga. Nikakaa chini. Hakuna aliyewahi kunipumzisha vile." Alikata kitunguu katikati. "Yeye anadhani alishinda. Mpaka leo sijamwambia."

Fundi saa alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini mama mkwe alikisikia, akasogeza kigoda cha pili kwa mguu wake. Fundi saa akakaa. Akapewa kisu na kitunguu. Kutoka hapo, kati ya vitunguu, alitoa maelekezo yote yaliyobaki, na kutoka upande wa pili yalijibiwa kwa utiifu mkubwa: sawa, shemeji, imetoka, shemeji, tafadhali fanya haraka, shemeji.

Meza ya pili ilipoachia, mkunga aliinamisha jiko kidogo upande wake. "Sasa vuta, baba watoto. Polepole. Usilivute kichwa, livute mwili." Likateleza, likatoka upande wa jikoni bila mlio, na nyuma yake akatoka Refa, akampita mama yake bila salamu, mlango wa choo ukafungwa.

"Wamezaliwa mapacha," mama mkwe alisema.

Uani, fundi saa alitandika shuka kuukuu, akapanga skrubu zake kwa safu, akalirudisha jiko katika hali yake huku Refa akimshikia vitu na kutomwelekeza chochote. Saa tisa moto uliwaka, rangi ya buluu, mistari mitano iliyonyooka. Fundi saa aliweka kuku, akafunika, akashika koleo.

Ilikuwa ndiyo saa aliyoingojea, naye hakuifurahia hata kidogo. Moshi ulimwingia machoni. Mafuta yalimrukia mkononi, kwenye vidole vyake vya kazi. Kila baada ya dakika alifunua kuangalia, mshale ukaanguka, akafunika, ukapanda, akafunua tena.

"Mkwe wangu," mama mkwe alimwita kutoka kivulini, "saa unayoifungua kila dakika itatembea lini?"

Akasimama pale na koleo lake. Kilichomvutia kwenye jiko lile, alitambua, ni ule mshale, ambao kwa kweli ulikuwa unasoma chini kidogo ya inavyopaswa, na angependa kuufungua aone kwa nini. Kuku hakumhusu. Hakuwahi kumhusu. Alichokuwa akikitaka kwa miaka tisa ni mtu aulize kwanza.

Refa alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, mikono mgongoni, kama mchezaji wa akiba.

"Shemeji," alisema, na ikaonekana maneno yanamgharimu, "naweza kukusaidia hapo?"

Fundi saa alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa akitazama mawingu.

"Nisaidie, shemeji," alisema, akampa koleo. "Mimi nimechoka."

Akaenda kukaa kivulini. Awamu ya kwanza Refa aliiunguza, maana gesi haikumzoea wala yeye hakuizoea, na mkunga alitangaza kwamba kuku wale hawatambuliki hata na ndugu zao. Awamu ya pili ilikuwa nzuri sana. Walikula hadi saa kumi na moja, na Refa, jasho likimtiririka, alikuwa bado amesimama.

"Shemeji, hapa moto umezidi. Nazungusha wapi?"

"Kitufe cha pili," fundi saa alijibu, bila kuinuka. "Taratibu." Kisha akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa katikati ya habari ya siku mahindi ya shule nzima yalipoungua, akamwomba aendelee.