Mlango wa Nyuma

Alikuwa akitembea kinyumenyume kutoka sebuleni kwenda jikoni, mwiko mkononi, sauti ameitoa kifuani kama walivyofundishwa chuoni. "Wageni wetu, kulia kwenu mnaliona dirisha la zamani kuliko yote." Mgeni wake pekee, binti yake wa miaka minne, hakulitazama dirisha. Alikuwa amechuchumaa chini ya meza, akiuliza sisimizi wanalala wapi.

"Huko bado hatujafika, mwanangu," mama alimwambia.

"Mimi nimefika."

Chuoni walimwita Kasuku, na hakuwa na la kujitetea. Kati yake na shahada ya utalii kilibaki kigingi kimoja tu, mtihani wa kuongoza wageni katika jumba la makumbusho. Mara ya kwanza aliikariri ziara yote, kila sentensi ameifunga kwenye nguzo yake mle jumbani, mpaka mhadhiri alipomkatiza kwa swali dogo kuhusu ngoma iliyopasuka. Uzi ukakatika, shanga zikamwagika. Alisimama pale mpaka akaambiwa akae. Sasa amepewa nafasi ya kurudia, nayo ni ya mwisho. Shangazi yake, anayebaki na mtoto yeye akiwa darasani, alimwambia kwa upole kwamba si kila mtu kaumbiwa vyeti. Upole ule ulimchoma kuliko tusi, maana mwenyewe alikwisha kuanza kuamini hivyo. Basi akafanya lile alilolijua: akakariri zaidi.

Siku ilipofika walikuta ukumbi wa mbele umefungwa, mafundi wanapaka rangi. Mhadhiri, mtu asiyebembeleza, akasema wataingilia mlango wa nyuma. Wenzake waliojifanya wageni wakamfuata. Ziara yake ilianzia lango kuu. Kule nyuma, penye vyombo vya jikoni, ndiko ilikokwisha. Alipofungua kinywa, ikamtoka sentensi pekee aliyoifunga mahali pale.

"Asanteni kwa kututembelea, karibuni tena."

"Kasuku anatufukuza hata hatujaingia," akasema mmoja, na wote wakaangua kicheko. Ajabu ni kwamba naye alicheka. Kicheko kilipotulia, alimwona msichana mmoja kachuchumaa mbele ya jiwe la kusagia, shingo kaipinda, kama mtu aliyekwisha kufika.

"Umeona nini hapo, dada?" akamuuliza.

Msichana akataka kujua kwa nini jiwe limelika upande mmoja tu. Hilo halikuwa kwenye nguzo yoyote.

"Sijui," alisema. Neno hilo alikuwa amelikimbia miaka yote ya chuo, na sasa limetoka, na dari halikuanguka. "Lakini tutazame pamoja."

Akachuchumaa. Bila kuligusa jiwe, akapitisha kiganja hewani juu ya shimo lake, kwanza cha kulia, kikakataa kukaa. Kisha cha kushoto, kikaendana na ule upande uliolika. Akasema labda mwanamke aliyesaga hapa alikuwa wa mkono wa kushoto, na labda hakuna aliyempokea kazi maisha yake yote. Wageni wakasogea. Kutoka kwa mwanamke yule akawapeleka kwenye vyungu, kutoka vyungu kwenye ngoma, maneno yakija yenyewe, mengine aliyoyasoma, mengine aliyoyaona papo hapo. Alitembea kinyumenyume vyumba vyote bila kugeuka kutazama nguzo.

Mhadhiri alisema tu kwamba matokeo yatabandikwa. Lakini wakati wa kutoka alichelewa kidogo penye lile jiwe, na Kasuku akamwona akipitisha kiganja chake cha kushoto hewani.

Nyumbani shangazi alimpokea mkoba, akamuuliza imekuwaje.

"Sijui bado, shangazi," alijibu, akashangaa jinsi neno lile lilivyokuwa jepesi.

Shangazi akaenda kuweka chai. Binti alikwisha kuleta mwiko.

"Leo tuanzie wapi?" mama akamuuliza.

Mtoto akaonyesha chini ya meza. Mama akauweka mwiko kando, akapiga magoti, akaingia.