Kushoto Mpaka Mwandiga

Bedford, lori la mizigo, ilikuwa imeshaiacha Kidahwe nyuma, matope yakiruka mpaka kwenye kioo, na aliyeshika usukani hakuwa mwenye gari. Mwenye gari, Mzee Dadi wa Ujiji, alikuwa amejikunja katikati ya kiti kama jongoo aliyeguswa. Ngiri aliyoificha miaka mingi ilikuwa imemkaba tangu asubuhi. Mganga wa zahanati hakuzungusha maneno: akifika hospitali Kigoma kabla ya jua kuzama, atapasuliwa, atapona; akichelewa, mchimbieni kaburi.

Manirakiza alikuwa mpakizi wake, wiki ya pili kazini. Ilikuwa Novemba 1993, naye mkimbizi asiye na leseni ya Tanzania wala kibali cha kutoka kambini. Lakini kwao Bujumbura alikuwa ameendesha lori la saruji miaka kumi na minane, na siku ile hakuwepo mwingine aliyejua hata kuliwasha.

"Kushoto!" alipiga kelele Mwamini, mchuuzi wa nyanya, jirani yake Dadi, aliyebanwa mlangoni. "Kaka, unatupeleka wapi? Huku tunapita kushoto!"

"Najua, dada."

"Unajua mdomoni. Mikono haijui."

Kweli haikujua. Burundi gari hupita kulia na usukani uko kushoto. Kila akitaka kubadili gia, mkono wa kulia ulikwenda wenyewe ukagonga mlango. Njia ilikuwa ya udongo, kila gari likikanyaga katikati. Balaa lilikuwa kupishana. Basi la kwanza walilokutana nalo alilikwepa kwa kulia, yaani palepale linapopita. Likamkosa kwa unene wa ganda la muhogo, na matusi ya kondakta yakabaki hewani.

Waswidi nao walihama upande, wakatoka kushoto kwenda kulia kwa siku moja tu, mwaka 1967. Lakini wale walifundishwa kwanza, kwa redio na mabango. Manirakiza alifundishwa na muuza nyanya na mgonjwa, safarini, kwa makelele.

"Mrundi," alisema Dadi, meno yameumana, "ukiniua nitakusamehe. Ukiniulia gari, sikusamehi."

"Usiongee, mzee."

"Nisipoongea nitalia, na huyu mwanamke atanitangaza Ujiji nzima."

"Nitakutangaza hata usipolia," alisema Mwamini, huku anamfuta jasho.

Kabla ya Mwandiga kuna mteremko wenye kona: kushoto mtaro, kulia genge linaloshuka bondeni. Manirakiza akapiga honi, akashika kushoto bila kuambiwa.

"Hapo sawa," alisema Mwamini.

Lori likatokea kwenye kona, limejaa magodoro na watu, linakuja upande uleule.

"Kushoto! Ongeza kushoto!"

Manirakiza akaona namba za Burundi. Akamwona dereva amekaa upande ule alioukalia yeye miaka kumi na minane.

"Mana yanje," alisema, akimwita Mungu wake kwa Kirundi.

Yule hatahama. Kwa akili yake yuko upande wake, na akishtuka atazidi kulia, yaani mtaroni. Breki kwenye matope yale ni sabuni. Manirakiza akazungusha usukani kulia, kwenye genge. Mwamini akamlalia Dadi, akiita jina la Mungu. Tairi la mbele likakata ukingo, mawe yakaporomoka, na magari mawili yakapishana Kirundi katika barabara ya Tanzania.

Kwenye kioo akaliona lori lile likiinamia mtaroni. Watu wakaruka chini wakipunga mikono, wakimwita kwa lugha yake. Mguu ukaenda kwenye breki. Akamtazama Dadi: alikuwa ameacha kuongea. Mguu ukarudi kwenye mafuta.

Dadi alipasuliwa jioni ileile. Aliishi miaka saba zaidi, hakushika tena usukani, na Bedford ikachukuliwa na mpwa wake Haruna. Manirakiza alikamatwa uani pa hospitali, akalala rumande siku tisa, akarudishwa kambini. Alirudi Burundi mwaka 2004. Nyanya za Mwamini zilioza garini, akahamia kuuza dagaa. Lori la mtaroni lilivutwa kesho yake. Dereva wake, Ndayiragije, alipokewa kambini pamoja na abiria wake, wote wazima isipokuwa mama mmoja, Rozalia, aliyevunjika mkono, nao ukaunga kombo.