Kundi la Kusubiri

Ramlo alitumbukiza mkono ndani ya ndoo, akavikoroga vikaratasi vilivyokunjwa, akatoa kimoja. Uwanja wa shule pale Kotile ulikuwa kimya hata ungesikia mbuzi akicheua. Jina lililokuwa limesomwa lilikuwa la Abdinoor, mdogo wake wa tumbo moja.

Akakikunjua.

"Cheupe," alisema.

Kikaratasi chenye alama ya kijani kilimaanisha kuanza vikao vya ushauri wiki ile ile iliyokuwa inakuja. Cheupe kilimaanisha kusubiri mpaka miezi sita ipite. Miongoni mwa akina mama waliokaa kwenye mkeka, mama yake, Maka, aliinua uso na kumtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua.

Ramlo alilazimika kuendelea. Jina jingine likasomwa, akatumbukiza mkono tena.

Ni wazee wenyewe waliotaka kura ipigwe hadharani, tena kwa mkono wa binti wa pale, wakisema mtoto wa nyumbani hawezi kuwahadaa. Ramlo alikuwa amesomea takwimu na sasa alifanya kazi Garissa mjini, akipanga chumba mtaa wa Iftin. Chuo kimoja kilikuwa kimemwajiri katika utafiti kuhusu vijana wachungaji waliopoteza ng'ombe wakati wa ukame mkubwa. Mifugo ilikwisha, lakini hofu ilibaki. Wapo waliokuwa hawalali, na wapo walioshtuka kila waliposikia ng'ombe wa jirani akilia. Watafiti walitaka kujua kama vikao vya mazungumzo pamoja na mshauri vingewasaidia.

Kabla ya kura, msimamizi wa utafiti, Daktari Salah, mwenyeji wa Wajir mwenye maneno machache, aliwaeleza wazee kwa nini wote wasianze pamoja.

"Mvua ikinyesha na majani yakiota, hata yule ambaye hakupata kikao ataanza kulala vizuri," alisema. "Bila watu wa kuwalinganisha nao, tutajuaje kama dawa ni vikao au ni mvua?"

"Basi chagueni wenye shida zaidi waanze," mzee mmoja alisema.

"Tukichagua sisi, makundi hayatafanana tangu mwanzo. Mwishoni tutaona tofauti ya watu tukidhani ni tofauti ya vikao. Kura haimjui mtu. Ndiyo sifa yake."

Wazee waliridhika. Ramlo naye aliridhika, maana maneno yale aliyajua tangu darasani. Hakujua kwamba sifa hiyo hiyo ingekuja kumkaba koo.

Alipofika nyumbani, Maka hakumpa chai.

"Mkono wako mwenyewe, Ramlo," alisema. "Si mkono wa mgeni."

"Hooyo," Ramlo alimwambia mama yake, "sikuona ndani ya ndoo."

"Ndilo ninalosema. Hukuona."

Abdinoor alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Kabla ya ukame alikuwa kijana wa kuimba nyuma ya ng'ombe mpaka watu wakamtambua kwa sauti kabla hawajamwona. Sasa alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Hakuna neno, abaayo," alimwambia dada yake. "Nitasubiri."

Alilisema kwa upole mno, na upole ule ukamchoma Ramlo kuliko hasira ya mama. Alijipa moyo kwamba katika mahojiano ya kwanza Abdinoor aliulizwa maswali yote na mhoji mwingine, kwa sababu Ramlo kama ndugu hakuruhusiwa kumhoji. Aliulizwa kuhusu usingizi, hofu na chakula. Aliulizwa pia swali lile zito, kama amewahi kutamani asiamke tena. Alijibu hapana. Angejibu ndiyo, utaratibu ulikuwa wazi kwamba mtu wa namna hiyo haingizwi kwenye kura, anapelekwa kwa mshauri siku hiyo hiyo.

Alasiri Kerrow alibisha hodi. Alikuwa jirani yao wa miaka mingi, na mwanawe Alio alikuwa amepata kikaratasi cha kijani.

"Sikia, binti yangu," Kerrow alisema akiwa bado amesimama. "Alio wangu ni mzima. Anakula, anacheka, anapiga mpira. Jina liliingia tu kwa kuwa kila mtu aliingiza la kijana wake. Mtoe, umweke Abdinoor."

Maka alifumba macho, midomo ikitembea. "Allah akulipe kheri, Kerrow."

"Adeer," Ramlo alisema, akimwita amu kwa heshima, "haiwezekani."

"Kwa nini isiwezekane? Anayetoa ni mimi. Sikuombi kitu."

Ramlo alijaribu kueleza. Akimtoa mzima kwenye kundi la kijani na kumwingiza mgonjwa, makundi hayatakuwa sawa tena. Kesho jirani mwingine mwenye huruma atafanya hivyo hivyo, na baada ya wiki kundi moja litakuwa la wagonjwa tupu. Vikao vikisaidia, takwimu zitaonyesha havisaidii, na hakuna kijana hata mmoja wa Hulugho au Ijara nzima atakayeletewa vikao hivyo tena. Kila alivyosema, aliyasikia maneno yake yakipungua uzito, kwa sababu Abdinoor alikuwa pale pale akisikiliza, wala hakuinua kichwa.

"Takwimu zako," Maka alisema taratibu, "zilinyonya ziwa gani?"

Kerrow aliaga kwa masikitiko. Ramlo aliingia chumbani, akaifungua kompyuta. Majina ya kura yalikuwa bado hayajatumwa Garissa, kwa kuwa mtandao ulikuwa umekatika tangu mchana. Kubadilisha majina mawili kungechukua muda wa kumeza mate. Kule Garissa nani angejua? Kerrow angefurahi, mama angefurahi, na Salah hangehesabu vikaratasi upya. Alikaa mbele ya mwanga ule mpaka mgongo ukauma. Kisha akaifunga bila kugusa kitu, na hakujua kama aliyeshinda ni uaminifu au woga.

Kesho yake asubuhi, Maka alipiga ukelele uani.

Abdinoor hakuwepo. Simu yake ilikuwa juu ya mkeka. Dumu lake la maji, ambalo mchungaji haliachi hata akienda karibu, lilikuwa limesimama mlangoni limejaa.

Ramlo aliliona dumu lile. Mtu haingii porini bila maji kwa kusahau. Alilibeba, akakimbia hadi kwa Kerrow, Kerrow akawasha pikipiki bila kuuliza maswali, wakaondoka vumbi likiwafuata.

"Alizoea kuchunga wapi?" Kerrow aliuliza akipaza sauti.

"Kote!"

"Ng'ombe wake walifia wapi?"

Hilo Ramlo alilijua. Walikata upande wa bwawa la zamani lililokauka, njia ikawa mchanga, kisha vichaka vya miiba vilivyowararua mikono. Jua lilikuwa limeshapanda. Mara mbili walisimama wakaita, mara mbili pori likanyamaza. Ramlo alisoma Ayatul Kursi akaishia katikati, akaanza tena, akaishia pale pale.

Walimkuta kwenye kingo za bwawa. Alikuwa amekaa juani katikati ya mifupa meupe, mikono juu ya magoti, midomo imepasuka. Kerrow alisimama mbali kidogo, akamwacha dada mtu aende.

Ramlo alimnywesha maji kidogo kidogo. Alisubiri mpaka alipoona koo la kijana likimeza.

"Walaal, ndugu yangu, ulikuja kufanya nini huku?"

Abdinoor alitazama mifupa. "Nilitaka kukaa tu. Mpaka iishe."

"Nini iishe?"

Abdinoor aligeuza uso. Ramlo alimshika mkono.

"Mhoji alikuuliza. Alikuuliza kama umewahi kutamani usiamke. Ukasema hapana."

"Hooyo alikuwa amekaa mlangoni," Abdinoor alisema. "Alishazika baba. Alishazika mifugo. Ulitaka niseme nini mbele yake?"

Ramlo alikumbuka siku za mahojiano. Aliwaona wahoji wakipita nyumba kwa nyumba, wakikaribishwa chai, mama au baba akikaa kando kwa heshima ya mgeni. Wao waliona ni ukarimu, wakashukuru. Kumbe katika kila nyumba kijana alijibu akiwatazama wazazi wake. Wote walikuwa wamesema hapana. Wakati ule yeye na Salah walifurahi, wakasema alhamdulillahi, hali si mbaya kama tulivyodhani.

Walimpakia Abdinoor katikati ya pikipiki, Ramlo akimshika kwa nyuma kama mtoto.

Daktari Salah alikuwa zahanati walipofika. Alimsikiliza muuguzi, akazungumza na Abdinoor faragha kwa muda mrefu, kisha akatoka.

"Anatoka kwenye utafiti leo," alimwambia Ramlo. "Gari litampeleka Garissa kwa mshauri sasa hivi, na mama yake. Hilo halina mjadala."

"Na wengine?"

"Wengine walijibu hapana."

"Na yeye alijibu hapana, Daktari."

Salah alimgeukia. Ramlo akamweleza kuhusu milango, chai na wazazi. Alipomaliza, uso wa Salah ulikuwa umekunjamana.

"Unajua unaniambia nini? Tuyatupe majibu yote ya mwanzo. Kura irudiwe. Vikao visianze Jumatatu. Wanaotufadhili wameshaambiwa tarehe."

"Mizani ikiwa mbovu, hata ukipima vijana elfu utapata makosa elfu."

"Ramlo, ndugu yako karibu afe leo. Una hakika si uchungu unaokusemesha?"

"Ni uchungu," alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Jana uchungu huu huu ulitaka nimbadilishie jina yeye peke yake, nikakataa. Leo nakuomba waulizwe wote. Kama nimekosea, utanifukuza kazi na tarehe yako itakuwa imechelewa wiki chache. Kama sijakosea, kuna mwingine anayeacha dumu lake mlangoni kesho."

Salah aliinama, akatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. Nje, gari lililombeba Abdinoor liliwashwa, likaondoka. Muungurumo wake ulipopotea ndipo akasema, "Waite wahoji. Tunaanza leo."

Safari hii hapakuwa na chai. Kila kijana alitembea na mhoji hadi katikati ya uwanja wa mpira, mahali ambapo kila mtu aliwaona na hakuna aliyewasikia. Wazazi walinung'unika. Maswali yalikuwa yale yale, neno kwa neno, ila majibu yalibadilika. Mhoji wa kijana wa kwanza alirudi akatikisa kichwa tu, yaani hapana. Wa pili vilevile. Mhoji aliyekuwa na wa tatu aliinua mkono, ishara waliyopatana, na Salah akaenda mwenyewe. Kabla ya alasiri mkono uliinuka tena.

Kijana aliyeinuliwa mkono mara hii alikuwa Alio.

Kerrow alikuwa amekaa kivulini, suruali bado imeraruliwa na miiba ya asubuhi. Salah alimwendea, akachuchumaa mbele yake, akasema naye kwa sauti ya chini.

"Alio?" Kerrow aliuliza. "Huyu wangu? Huyu anayecheka?"

"Ndiyo, mzee wangu. Yuko salama, tuko naye. Lakini anahitaji msaada leo."

Kerrow alisimama, akakaa tena. Macho yake yalimtafuta Ramlo. "Jana nilikuomba umtoe," alisema. "Nilikuja na miguu yangu mwenyewe kukuomba."

"Ulikuja kwa wema, adeer."

"Nalala naye nyumba moja. Nakula naye sahani moja." Alijifuta uso kwa mkono wa shati lake. "Anapocheka, huwa anacheka nini?"

Ramlo alimsogelea. Alimshika mzee mkono, akamwinua, wakatembea pamoja hadi uwanjani alikokuwa amekaa Alio na mhoji wake. Kijana alipomwona baba yake alijaribu kutabasamu. Kerrow akatikisa kichwa.

"Usicheke kwa ajili yangu," alimwambia, akakaa chini mchangani kando yake.

Utafiti ulichelewa, na barua ya wafadhili ilikuwa kali. Kura ilipopigwa upya, iliyotumbukia ndooni ilikuwa mikono ya vijana wenyewe, kila mmoja akijichagulia kikaratasi chake, na majina ya wale waliokwisha kupelekwa kwa mshauri hayakuwemo. Abdinoor hakupona mara moja. Kuna wiki alizomwambia mshauri kila kitu, na wiki alizogeukia ukuta. Mama yake alihamia kwa Ramlo kule Iftin ili awe karibu naye, na kwa siku kadhaa mama na binti walipikiana bila kusemezana.

Kisha asubuhi moja Maka alimwekea Ramlo kikombe cha chai mbele yake, akakaa.

"Yale maswali," alisema. "Nami kuna anayeweza kuniuliza?"