Ndani ya Mahindi ya Nthambi

Kitheka alikuwa amefika katikati ya mahindi kabla hajatambua kwamba anakimbia. Miguu ilimtoa kwenye lori, ikamvusha mtaro, ikampenyeza kwenye waya wa seng'enge, na akili ikabaki nyuma kule barabarani. Alipoanguka kifudifudi, mkono wa kushoto ulikataa kumkinga. Akasikia mfupa wa bega ukikwaruzana ndani kwa ndani. Akauma kola ya shati lake ili asipige kelele.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino, mwezi wa Januari, na mahindi ya Ukambani yalikuwa yamepita kimo cha mtu. Mwaka mwingine wowote angeonekana kutoka barabarani.

Nyuma yake, hatua kama thelathini hivi, lori lake la magurudumu kumi lilikuwa limeibana kanta, lori dogo lililobeba mbuzi, kwenye ukuta wa kalavati, pale mteremko unapoishia kabla ya Katelembo. Mbuzi walikuwa wakilia kama watoto. Kisha katikati ya kilio chao akasikia sauti ya mwanamke.

"Salad! Salad, amka! Salad!"

Kitheka akaziba sikio kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Sauti iliingia kwa sikio la pili.

Alikuwa mtu wa Mitaboni, mwenye miaka arobaini na mmoja, na kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye usukani. Asubuhi ile alipakia mifuko mia tatu ya simiti Athi River kuipeleka Kitui. Utingo wake alikuwa nyumbani na malaria, kwa hiyo alisafiri peke yake. Kabla hajaondoka alimwambia tajiri mwenye lori kwamba breki zimelika, haziwezi kulizuia lori mteremkoni na mzigo kama ule.

"Peleka huo kwanza. Ukirudi tutaingiza gereji," tajiri alisema, macho kwenye kikombe cha chai. Wiki iliyotangulia alikuwa amesema maneno yayo hayo.

Kitheka angeweza kuweka funguo mezani akaenda zake. Alilifikiria hilo. Halafu akawafikiria madereva waliokuwa wamekaa nje ya geti wakingojea kazi, akapanda.

Mteremkoni alikanyaga breki, zikaitika kidogo. Alipokanyaga tena akasikia harufu ya kuungua. Mara ya tatu lori halikusikia kitu. Akajaribu kurudisha gia, gia ikakataa, chuma kikalia. Akapiga honi bila kuachia. Kanta ilikuwa inakuja kutoka upande wa Machakos, na dereva wake, mwanamume mwenye kofia nyeupe, alijitahidi kutoka barabarani, lakini pale hapakuwa na pa kutokea, palikuwa na ukuta. Kitheka aliuona uso wake. Aliona hata midomo ikisema kitu.

Sasa watu walikuwa wanafika. Alisikia viatu vikipiga lami, akina mama wakipiga mayowe, na baada ya muda mfupi sauti za wanaume.

"Dereva wa lori yuko wapi?"

"Ametoroka!"

"Hajafika mbali. Tafuteni! Tukimpata ni kuchoma tu!"

Kitheka alijua si maneno matupu. Aliwahi kuona alichofanyiwa dereva mwenzake kwenye barabara ya Mombasa, na yule aligonga ng'ombe, hakugonga mtu. Akajivuta kwa kiwiko, shina hadi shina, mpaka mkono wake ukagusa mguu wa mtu.

Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, jembe mkononi na kibuyu cha maji kikining'inia begani. Alimtazama Kitheka tangu nywele zilizojaa vumbi la simiti hadi viatu.

"Unanivunjia mahindi," alisema.

"Mwaitu, mama yangu, tafadhali," Kitheka akanong'ona. "Usiite watu."

"Wewe ndiye dereva?"

Alitaka kusema hapana. Alitaka kusema yeye ni abiria tu. Ulimi haukumtii, akabaki akitikisa kichwa bila kujua anakubali au anakataa.

Yule mama, aliyeitwa Nthambi, aliinua macho kuelekea barabarani, ambako jina la Salad lilikuwa bado linaitwa. "Huyo mwanamke yuko hai," alisema. "Nampelekea maji." Akapita, akamwacha pale pale, wala hakupiga kelele.

Kwa nini hakupiga kelele? Kitheka angefurahi kidogo kama angepiga. Mambo yangekwisha. Sasa alibaki yeye na masikio yake.

Alimsikia Nthambi akifika kwenye kanta, akiwafokea watu wampishe. "Kunywa, mama."

"Nimefunga," sauti ya ndani ikajibu. "Ni Ramadhani."

"Utafunga kesho. Mungu anaona mahali uko. Kunywa."

Kisha ile sauti, sasa ikiwa chini zaidi: "Mama, mguu wangu siusikii. Na huyu bwana yangu hataki kujibu. Mwangalie. Mimi siwezi kugeuka."

"Jina lako nani?"

"Hafso."

"Hafso, niangalie mimi. Usiangalie huko. Niangalie mimi tu."

Kitheka akalaza paji la uso kwenye udongo. Hapo ndipo alipojua kwamba yule mwenye kofia nyeupe amekufa, na kwamba mkewe amekaa ubavuni pake akimwamsha.

Kukaja lori jingine, likasimama. Dereva wake, Wambugu, alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Yatta, na alikuwa na mnyororo. Kitheka alisikia kila kitu: wakifunga mnyororo nyuma ya lori la simiti, Wambugu akiwasha injini, injini ikinguruma hadi ardhi ikatetemeka. Hafso akapiga ukelele ambao Kitheka hakuwahi kuusikia kutoka kwa kiumbe chochote. Halafu kishindo: mnyororo umekatika.

"Halisogei!" Wambugu alipiga kelele. "Magurudumu yote yameshika. Paipu za upepo zimekatika. Na mzigo wote huu! Mnaokimbia na mifuko, hamwoni kuna mtu anakufa hapa?"

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui. Hizi breki za upepo mimi sizijui. Lori langu ni dogo."

"Dizeli inamwagika," mwingine akasema. "Nyinyi wenye mitungi, tokeni hapo! Wewe, zima sigara!"

Kitheka alizijua breki hizo za upepo. Breki zilizokataa kushika mteremkoni sasa zilikuwa zimeshika, kwa sababu upepo ukiisha, springi huyabana magurudumu ya nyuma na hayazunguki tena mpaka mtu aingie chini alegeze moja moja kwa spana. Spana ilikuwa kwenye sanduku la vyuma, upande wa kushoto. Pale barabarani walikuwa watu hamsini, na hakuna aliyejua hilo isipokuwa yeye aliyelala kwenye mahindi.

Hakusimama mara moja. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akisimulia, hakuwahi kusema kwamba alisimama mara moja. Alilala pale akimfikiria Mueni mkewe, na watoto, na tairi likiwekwa shingoni mwa mtu. Akajiambia polisi wanakuja. Akajiambia daktari anakuja. Akakumbuka kwamba zahanati ya karibu haina hata gari. Huko barabarani Hafso aliacha kuita. Ukimya ule ndio uliomwinua.

Alitoka kwenye mahindi mkono mmoja ukiwa umening'inia, mwingine juu.

"Ni mimi dereva," alisema. "Naweza kulegeza breki."

Jiwe la kwanza lilimpata mbavuni. La pili lilimpata mdomoni, akaanguka magoti, na mtu akamkaba shingo kutoka nyuma. Aliona miguu mingi sana. Aliona mtungi wa dizeli. Akapaza sauti kadiri damu ilivyomruhusu: "Niueni baadaye! Kwanza breki! Niacheni niingie chini, halafu mniue!"

"Muacheni!" Nthambi alikuwa ameshuka kutoka kwenye kebini, kanga yake imelowa damu isiyo yake. Alimpiga yule aliyemkaba kwa kibuyu kitupu. "Nimesema muacheni! Mnataka kuua wawili? Nani mwingine anajua? Wewe unajua? Wewe?"

Wambugu akasogea, akamshika Kitheka chini ya kwapa akamsimamisha. "Sema, tufanye nini."

"Simiti," Kitheka akasema. "Iteremshwe yote. Likiwa na mzigo hutalivuta." Akawageukia watu, hata wale waliokuwa na mifuko mabegani. "Chukueni! Yote ni yenu! Chukueni haraka!"

Hawakuambiwa mara mbili. Wanaume wakapanda juu, wakapokezana mifuko kwa mikono, akina mama wakaipokea vichwani, na vumbi la kijivu likafunika barabara. Kwa kuogopa lori lisije likasogea mbele likammalizia Hafso, Kitheka aliwaamuru waweke mifuko thelathini mbele ya magurudumu, waisukumize kwa nguvu. Kisha akachukua spana, akalala chali, akajiburuta chini ya lori.

Kwa mkono mmoja spana ilikuwa ikiteleza. Kila ilipoteleza, bega liliwaka moto na macho yakaingia giza. Dizeli ilimdondokea kifuani. Alilegeza gurudumu la kwanza. La pili lilikataa kabisa. Akaweka unyayo kwenye spana akaisukuma kwa mguu, akilia kwa sauti, wala hakuona aibu. Kutoka pale alipolala aliweza kuuona mkono wa Hafso ukitokea kwenye mlango uliokunjika, vidole vimepakwa hina, na vidole vya Nthambi vimevishika.

"Bado anapumua?" akauliza.

"Anapumua," Nthambi akajibu. "Fanya kazi yako."

Alipomaliza la mwisho, Wambugu alikuwa ameunganisha mnyororo mara mbili. Injini ikanguruma. Lori likatikisika, likagoma, kisha taratibu likarudi nyuma: shubiri moja, dhiraa moja, mbili. Kebini ya kanta ikaachia kwa mlio wa bati. Wanaume sita wakamtoa Hafso wakiwa wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa kwenye banda la mtu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umesagika kuanzia goti. Macho yalikuwa wazi. Alipopitishwa karibu na mumewe alisema jambo kwa Kisomali, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeaga mtu aliyelala.

Wambugu alimpakia juu ya vitunguu vyake. Alimpakia na Kitheka pia, kwa maana ukali ulikuwa unawarudia watu, na mmoja alikuwa ameshaokota tena jiwe.

Hospitalini Machakos, Hafso alikatwa mguu. Kitheka alifungwa bega, na mkono wake mzima ukafungwa pingu kwenye kitanda. Siku ya nne tajiri alikuja. Hakuuliza nani amekufa. Aliuliza simiti iko wapi. Kisha akavuta kiti, akapunguza sauti: "Utasema kanta ndiyo ilikuja upande wako. Dereva wake hayuko, hawezi kubisha. Mimi nitakuwekea wakili, na Mueni hatalala njaa."

Usiku kucha Kitheka alilitafuna neno lile la mwisho.

Wiki ya tatu askari aliyemlinda alikubali kumpeleka wodi ya wanawake. Hafso alikuwa ameketi, shuka imelala bapa pale mguu ungekuwa. Idd ilikuwa imepita siku mbili.

"Ni mimi," Kitheka alisema.

"Najua. Nilikuona ukiwa chini ya lori." Akamgeukia. "Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

"Kwenye mahindi."

"Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

Hafso alifunga macho. Sauti ilipotoka ilikuwa kavu. "Mimi nilifikiri hakuna mtu duniani. Wallahi, nilifikiri watu wote wamekufa, nimebaki mimi na mbuzi." Akafumbua macho. "Nimesikia watu wanasema ulitoka hata kama wangekuua. Ni kweli, ulitoka. Lakini usiniombe msamaha leo. Leo sina."

"Sikuja kuomba," Kitheka alisema, na hilo halikuwa kweli. Askari akamgusa mgongoni, wakaondoka.

Kesi ilisikizwa mwezi wa Mei. Wakili wa tajiri alikuwa amekwisha kumfundisha la kusema. Mueni alikuwa ameketi benchi la nyuma na mtoto mdogo, uso umemkauka kwa kutolala. Hakimu aliposoma shtaka la kusababisha kifo barabarani akauliza ni kweli au si kweli, Kitheka alishika ukingo wa kizimba.

"Ni kweli," alisema. "Breki zilikuwa mbovu. Nilijua. Tajiri alijua pia, nilimwambia. Lakini mimi ndiye nilipanda."

Wakili akakunja karatasi zake. Mueni akainamisha kichwa juu ya nywele za mtoto.

Hafso aliitwa, akasimama kwa magongo. Alieleza yote bila kuongeza wala kupunguza: honi, ukuta, mumewe, muda aliokaa akiita, mtu aliyetoka kwenye mahindi na watu wakimpiga. Hakimu alimuuliza kama ana la kuomba kuhusu mshtakiwa.

"Andikeni alikimbia," alisema. "Halafu andikeni alirudi. Msiandike moja mkaacha lingine."

Kitheka alipewa miaka miwili. Walipomshusha ngazi alijaribu kumtafuta Mueni kwa macho, lakini mlangoni palikuwa na msongamano, kwa sababu Hafso alikuwa akitoka, gongo baada ya gongo, na watu wote walikuwa wamesimama kumpisha.