Kitindamimba Anaita

Saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, Mzee Msasa alikuwa akilainisha pembe ya nne ya simu ya mbao. Pembe tatu za mwanzo zilikuwa zimeshakubali. Hii ya nne ilikuwa na ukaidi, naye alikuwa anaibembeleza taratibu, pale mbao ilipoita.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kabla kampuni haijatengeneza simu yoyote, yeye aliichonga kwanza kwa mbao, akaitoboa tumbo na kulijaza vipande vya madini ya risasi mpaka uzito ukalingana na wa simu kamili. Kisha wakubwa waliitia mfukoni wiki nzima waone kama inawachoma wakikaa. Mwaka huo walikuwa wanatayarisha simu tatu. Kifunguamimba alikuwa na kioo mbele na nyuma na kamera nne, kwa ajili ya wenye nazo. Wa Kati alikuwa katikati, na kama watoto wengi wa kati, hakuna aliyekumbuka kumwuliza anataka nini. Kitindamimba alikuwa mdogo, wa bei nafuu, na wote walijua kwamba ndiye atakayeingia kwenye mifuko mingi zaidi.

Aliyeita ni Kitindamimba. Mzee alijipangusa vumbi, akapokea, maana kuiacha simu iite tu ni utovu wa adabu. Mpigaji alikuwa mwanamke, fundi cherehani kwa jinsi alivyojieleza. Simu yake ilikuwa imezima tangu juzi na haiwaki, na picha za nguo zote alizowahi kushona zimo humo. Mzee akamwuliza ni simu ipi. Ile ndogo, akajibu, ambayo pembe zake zinakaa vizuri kiganjani. Mzee alifurahi sana kusikia hivyo. Akamwuliza aliinunua lini, na mwanamke akataja mwezi na mwaka. Mwezi huo ulikuwa bado haujafika. Kwa hesabu ya mwanamke ulikuwa umepita miaka miwili. Mzee akauandika kwenye daftari kama alivyoambiwa.

Kufikia mchana walikuwa wameshapiga watu saba, wote wa Kitindamimba, na simu zao zote zilikuwa na umri wa miaka miwili na wiki chache. Msanifu mkuu, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, alipita akauliza kama sauti zinasikika vizuri. Mzee akasema zinakatikakatika. Binti akamshauri asogeze meza karibu na dirisha. Akasogeza, na kweli zikasikika vizuri zaidi.

Kilichokuwa kinaziua simu hizo hakikuwa siri. Betri huchoka baada ya miaka miwili hivi. Zamani mtu aliinua kifuniko kwa ukucha, akatia betri mpya, maisha yakaendelea. Safari hii wakubwa walitaka mgongo wa simu ubandikwe kwa gundi, usifunguke tena.

Jambo hilo lilimkera Mzee Msasa, naye alikuwa na sababu yake. Mkewe alikuwa na simu kuukuu aliyoibadilisha betri mara tatu, na kifuniko chake kilishikiliwa na mpira wa kufungia mifuko. Humo mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, sekunde arobaini, akimwagiza asisahau kuanua nguo. Mkewe aliisikiliza kila Jumapili akipiga pasi. Kwa hiyo Mzee alichonga Kitindamimba wa pili, pacha wa yule wa kwanza, ila huyu alikuwa na kifuniko cha kufungua kwa ukucha. Alitaka kabla hajastaafu aache duniani kitu kimoja kinachofunguka.

Alhamisi mapacha wote wawili waliwekwa juu ya meza ya mkutano. Yule wa gundi aliita mara kumi na moja. Kila mara Mzee alimpokea kwa sauti ya chini na kumwomba mpigaji asubiri kidogo. Yule wa kifuniko alilala kimya mwanzo hadi mwisho.

"Mnaona wenyewe," meneja wa mauzo akasema, akimwonyesha yule aliyekuwa kimya. "Huyu hana hata mteja mmoja."

"Mwanangu, haiti kwa sababu hajazima," Mzee akasema. "Wanaopiga ni wale ambao simu zao zimekufa."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu msikivu. "Tumekuelewa vizuri, mzee wetu. Na mtu simu yake ikifa hufanya nini?"

"Hununua nyingine," meneja akajibu.

Gundi ikapitishwa kabla ya chai. Msanifu mkuu alikuwa anatazama kucha zake. Mzee Msasa aliwakusanya mapacha wake akarudi mezani, na moyo ulimuuma.

Lakini kampuni haikumtupa. Alipewa kiti chenye mto, daftari kubwa, na mkataba wa kuendelea kupokea simu hizo, kwa kuwa ilionekana ana ulimi mtamu. Haukupita muda akaanza kuipenda kazi hiyo. Kulikuwa na mwalimu aliyecheka kila alipopiga, na fundi baiskeli aliyekuwa ameshakata tamaa ya simu yake na kupiga kwa ajili ya soga tu. Mzee alitoka nyumbani kila asubuhi akiwa na hamu ya kuwasikia.

Siku moja, alasiri, aliyepiga alikuwa mke wake.

"Hiki kidude chenu mlichotugawia kimekufa," akasema. "Napiga kwa ile yangu ya mpira. Kumbe ni wewe? Si uko kibarazani umelala?"

"Niko kazini."

"Kazini wapi, baba watoto? Si umestaafu tangu mwaka jana? Nakuona hapa dirishani, mdomo wazi, gazeti limekuangukia kifuani."

Kuambiwa hivyo kulimpa Mzee raha ambayo hakuwa nayo tangu mwaka uanze.

"Na mama?" akauliza.

"Mama yuko humu humu kwenye ya mpira. Ulidhani nitamhamishia kwenye nyumba isiyo na mlango?"

"Basi niamshe nije nile."

"Acha ulale. Chakula kipo, nimekifunika."

Akaagana naye vizuri. Kisha akamwandika kwenye daftari kama wengine wote: tarehe, jina la simu, imezima, haifunguki. Kwenye safu ya jibu aliandika lile lililoandikwa siku zote, kwamba malalamiko yamepokelewa. Akavuta mto ukae vizuri mgongoni, akashika msasa. Mbao za simu za mwaka ujao zilikuwa zimeshaletwa pamoja na michoro yake, na katika michoro hiyo hapakuwa na kifuniko.